Mnufaika Bora wa Mwaka

Tableti zilikuwa zimepangwa mezani kama samaki wa mnada, na Purity alizishika moja moja, akitazama ipi imeingia chaji na ipi imejifanya. Nje, pikipiki za Kona ya Musa zilikuwa zimekwisha kuanza kelele zake. Ndani ya stoo hiyo ya nyuma, ambayo shirika la Shina la Jamii liliiita idara ya teknolojia, kulikuwa na feni isiyozunguka, dirisha moja, na yeye.

Shirika liliwagawia wahudumu wa afya wa vijijini tableti za kuwaandikia wajawazito, ili mama mwenye upungufu wa damu ajulikane mapema, kabla uchungu haujamshika. Tableti ilipogoma, wahudumu hawakumpigia meneja. Walimpigia Purity. Asubuhi hiyo wa kwanza alikuwa Mama Chengo wa Mwabungo, aliyeingia akihema, tableti kaifunga kwenye leso kama kitoto kichanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kitu chako kimenuna tena."

Purity alikifuta kioo kwa kidole, akakiinua kidole chake kikiwa cheupe. "Hii umeisongea ugali?"

Mama Chengo alicheka, akasema ni mjukuu, na mjukuu halaumiki kwa kuwa ndiye aliyemwonyesha pa kuwashia. Akangoja tableti iamke. Kisha akamtazama Purity kuanzia nywele hadi viatu, akasema leo amependeza, na kwamba habari ya kuajiriwa kwake imefika mpaka Mwabungo.

Ilikuwa imefika kwingi. Tangu alipoanza kazi hapo, Purity alikuwa akitumiwa posho kwa simu, si mshahara. Hakuwa na likizo wala bima. Alipougua malaria alijitibu mwenyewe, na posho ya siku alizolala ikakatwa. Kila alipouliza, meneja alimjibu kwamba mkataba uko njiani, kana kwamba mkataba ulikuwa ukija kwa miguu kutoka Nairobi. Kabla ya mvua za vuli, hoteli moja ya Diani ilimtaka aje aisimamie mitambo yake, kwa mshahara wa kila mwezi. Meneja alipopata fununu alimwita, akamkalisha, akamwagiza chai. Hoteli huajiri msimu, alimwambia, na msimu ukifungwa, nawe unafungiwa nje. Hapa ni kwenu. Wageni wa ufadhili wakija, ajira yako itatangazwa mbele yao.

Purity aliipigia hoteli akakataa. Angefanyaje? Meneja huyo, Japheth, alikuwa kaka wa mama yake kwa ukoo. Ndiye aliyemleta hapo. Jambo moja tu alilokuwa amemkataza ni kumwita mjomba mbele ya watu. Ofisini, alisema, kuna Bwana Meneja.

Na leo ndiyo siku ya wageni.

Nthiwa, dereva wa shirika, mtoto wa walowezi wa huko kwenye mashamba ya Shimba Hills, aliingia na katoni begani. "Puri, leo unaomoka, maisha yanakunyookea," akasema. "Ukishaandikwa, chakula cha mchana, chapo na madondo, ni juu yako. Mwezi mzima."

Katoni ilikuwa ya fulana. Za bluu zilikuwa za wafanyakazi, na kila moja ilibanwa kikaratasi cha jina. Nthiwa alichukua yake. Purity akazipekua zilizobaki mpaka chini, akazipekua tena. Hata mama wa usafi alikuwa na yake ya bluu. Fulana yenye jina la Purity ilikuwa ya manjano, na mgongoni ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa: NIMENUFAIKA.

"Itakuwa wamechanganya," akasema Nthiwa, lakini macho yake yalikwenda kwenye feni. Kisha, kwa sauti ya chini, "Si walikwambia? Mimi nilidhani unajua. Nilitumwa alfajiri hadi kwenu, Kinango. Mama yako yuko kwenye gari."

Mama alikuwa akishuka. Alikuwa amevaa fulana ya manjano juu ya gauni lake la kanisani, na leso mpya kiunoni. Alimkumbatia binti yake, akamnusa shavu kama alivyozoea tangu utotoni, akasema kaka Japheth amempigia simu mwenyewe kwamba leo ni sherehe ya Purity. Purity alitaka kumuuliza alichokuja kufanya. Mama akageuka haraka kuwasalimia watu.

Purity hakubisha hodi kwa meneja.

"Mimi nimenufaika na nini?" akauliza, fulana mkononi.

Japheth aliinuka akafunga mlango. Hakukasirika. Alizungumza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa. "Mfadhili halipi fundi, Purity. Ukimwandikia kwamba unataka fundi wa tableti, anakuuliza kwa nini pesa hazifiki kwa maskini. Lakini ukimwandikia kwamba kuna binti wa Kinango, hana mbele wala nyuma, na sisi tunamfunza kompyuta, analipa kabla hujatia nukta. Mlango huo ndio uliokuwa wazi. Nikakupitisha."

"Nilikuja hapa na diploma yangu, mjomba."

"Hapa kuna meneja."

"Nilikuja na diploma yangu, Bwana Meneja. Unajua kilichoilipia."

Alijua. Kijiji kizima kilijua. Kila muhula ulipofunguliwa chuoni Mombasa, ng'ombe mmoja alitolewa kwenye boma la mama na kupelekwa mnadani. Muhula wa mtihani ulipofika, boma lilibaki la miiba tu. Mama aliyekuwa akiwagawia majirani maziwa kwa kibuyu sasa alinunua ya pakiti dukani, na bei yake ilipanda kila alipogeuka.

"Hayo ni ya nyumbani, tutayamaliza nyumbani," akasema Japheth. "Leo waache wasikie walichokuja kusikia."

"Na ajira?"

"Nani amekwambia haitatangazwa?"

Basi akaivaa fulana. Mtu ambaye hajawahi kungojea kitu asimlaumu. Alifunga vipaza sauti, akawasha projekta, akawaonyesha wageni ramani yenye vidoti vya wajawazito wa Matuga hadi Msambweni, kazi ya mikono yake, huku Japheth akiieleza na kusema "sisi". Mgeni mkuu alikuwa mama wa Kizungu mwenye mvi na sauti ya upole, aliyemshika kila mtu mkono kwa mikono miwili. Pembeni yake kijana wa kamera alizunguka chini ya hema lililofungwa uani akitafuta nyuso.

Kisha Japheth akamwita Kahaso, mama yake Purity, atoe ushuhuda. Mama hujieleza kwa Kiduruma, akasema, kwa hiyo binti atatutafsiria. Akampa Purity kipaza sauti.

Mama alisimama wima. Hakumtazama mwanawe. Aliyatazama maji ya chupa yaliyokuwa kwenye meza ya wageni, akasema kwamba yeye ni mjane, hakuwa na kitu, na binti yake alikuwa amekaa tu nyumbani akingoja kuolewa. Shirika ndilo lililomchukua. Shirika ndilo lililomsomesha kompyuta. Mungu awazidishie. Alisema bila kupumzika, kama mtoto aliyekaririshwa aya na anaogopa kusahau mwisho wake.

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Purity na watu wote walikuwa wakimngoja. Angeweza kusema lolote. Mama akainua macho mara moja tu, na macho hayo yalikuwa yakimsihi.

Purity akatafsiri neno kwa neno. Kiingereza chake kilikuwa safi, na usafi huo ndio uliowafurahisha zaidi. Walipiga makofi. Mgeni akajifuta jicho.

Ndipo Japheth akatangaza. Alisema shirika halitaki kumlemaza mtu kwa misaada. Mtu hufunzwa, husimama, huondoka. Kwa hiyo leo Purity, mnufaika bora wa mwaka, anahitimu. Akamkabidhi cheti chenye fremu na taa ya sola. Nafasi yake, akaendelea, itachukuliwa na binti mwingine mwenye uhitaji, na kutoka safu ya nyuma akainuka msichana mwembamba, fulana yake ya manjano bado ina mikunjo ya katoni. Watu wakapiga makofi tena. Japheth akamwinamia Purity sikioni, akimshika bega kwa tabasamu la kamera: atamwonyesha mwenzake kidogo kabla hajaondoka, wiki moja hivi, hakuna neno.

Waliletewa pilau kwenye sahani za karatasi. Mama alikuwa amekipakata cheti mapajani, akikipangusa vumbi lisilokuwapo. Hakujua kusoma.

"Ndiyo kazi yenyewe hii?" akauliza.

Purity angeweza kumwongopea. Siku nzima ilikuwa imeongopwa. Moja zaidi isingeonekana. "Hapana, mama. Hiyo ni ya kuniaga. Wamemwajiri... wamemchukua yule."

Mama alimtazama yule msichana, aliyekuwa akila kwa haraka kama mtu asiyeamini sahani ni yake. Kisha akasema, "Kabla ya ile simu, kaka Japheth alikuja nyumbani. Alisema nisiwataje ng'ombe. Alisema Mzungu akijua tulikuwa na mifugo, atasema sisi si maskini, na wewe hutaandikwa. Nikawaficha."

Akaiweka sahani chini. Akavua fulana ya manjano, akaikunja vizuri kwa kuwa ilikuwa nguo mpya, akaiacha juu ya kiti. Akainuka.

Gari la wageni lilikuwa tayari langoni, Nthiwa kwenye usukani, vioo vimepandishwa kwa sababu ya kiyoyozi. Mama aligonga kioo cha nyuma kwa kifundo cha kidole, kama anayebisha hodi kwa jirani. Kioo kikashuka. Mama wa Kizungu akatabasamu na kutoa mikono yote miwili, lakini Kahaso hakuishika. Alianza kusema kwa Kiduruma, pole pole sasa, bila kukariri.

Japheth alifika akikimbia. "Dada Kahaso, wageni wana ndege ya kuwahi." Akamgeukia Purity, sauti imeshuka. "Usitafsiri. Mwanangu, mimi ni mjomba wako. Nakuomba."

Purity akasogea dirishani.

"Mama anasema wa kwanza aliitwa Kidoti," akatafsiri, "kwa alama ya kwenye paji. Huyo alilipa muhula wa kwanza. Wa pili aliitwa Mahari, alikuja na ndoa ya mama. Alilia njia nzima hadi mnadani. Wa tatu, Mvula. Alizaliwa usiku wa mvua kubwa baada ya ukame, na baba alimbeba ndani akalala naye. Huyo alilipa muhula wa mwaka wa pili. Wa mwisho hakuwa na jina. Alikuwa bado ndama."

Mgeni aliweka kiganja kifuani. Macho yake yalijaa kweli. Hakuna aliyeweza kumsingizia vinginevyo. Alimwambia Japheth maneno mengi, akimwonyesha mama kwa upole, na Japheth akaitikia kwa kichwa, uso wake ukianza kupata nafuu.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema amesikitika sana. Anasema wana mradi wa mifugo. Ameagiza uandikwe upewe ng'ombe."

Japheth akagonga paa la gari. "Washa, Nthiwa, twende." Nthiwa akauangalia ufunguo uliokuwa ukining'inia mbele ya goti lake, akasema hauoni, bosi, ngoja autafute.

Mama alikuwa bado ameshika ukingo wa kioo.

"Mwambie siombi ng'ombe," akasema. "Ninamtajia waliomsomesha mwanangu."

Purity akainama akamwambia. Na kwa kuwa mgeni alionekana hajaelewa, mama akaanza upya, tangu Kidoti.