Boliti za Muda

Saa mbili na robo asubuhi, kifuko chenye boliti nne mpya kilikuwa juu ya meza ya kazi, na plastiki ya mdomo wake ilikuwa haijachanwa.

Mwenye gereji alikiona alipokuwa akitafuta glavu. Watu walimwita Daktari. Hakuwa daktari wa kitu chochote. Alisomea uhandisi, alivaa koti jeupe, na magari aliyaita wagonjwa. Gereji yake ilihudumia magari ya Ulaya tu. Sakafu yake ilipigwa deki kila jioni, na kila spana ilikuwa na ndoano yake ukutani.

Alikigeuza kifuko akasoma namba ya kipuri. Kisha akaisoma tena.

"Kimya," aliita. "Hizi za gari la nani?"

Fundi wake aliitwa Kimya kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Wakati huo alikuwa amelala chini ya gari jingine, akiligombeza sanduku la gia kama mke mwenza.

"Zipi, bosi?"

"Boliti nne. Za mikono ya chini."

"Si za gari la dada yako? Zimebaki ngapi?"

"Zote."

Kimya alitoka chini ya gari. Alikitazama kifuko, akamtazama Daktari, akajifuta mikono kwenye ovaroli.

Mkono wa chini ni kipande cha chuma kinacholiunganisha gurudumu la mbele na fremu ya gari. Kila mkono hushikwa na boliti mbili, ya mbele na ya nyuma, na kwenye maungio yake mna bushi za mpira. Bushi zikikazwa gari likiwa limening'inia kwenye lifti ya gereji, mpira hujisokota siku gari linaposhushwa, na haukawii kupasuka. Kwa sababu hiyo gereji ilikuwa na utaratibu wake. Mkono mpya ulipachikwa kwa boliti za zamani, zikazungushwa kwa vidole zishikilie tu. Gari likashushwa, likakalia magurudumu kwa uzito wake lenyewe. Hapo ndipo za zamani zilipotolewa moja moja, mpya zikaingia, zikakazwa kwa spana ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukaza. Aliyefungua hakufunga, kukaza kulikuwa kazi ya mtu wa pili, ili kila gari lipitiwe na macho manne. Na kila boliti iliyokazwa ilichorwa mstari wa rangi ya njano, ukianzia kwenye kichwa chake na kuishia kwenye chuma ilichokishika. Mstari ukikatika, boliti imezunguka.

Fundi wa kando ya barabara angekaza zote gari likiwa juu. Angekuwa amekosea, na gari lingefika liendako.

"Jana mimi nilipachika mikono nikashusha gari," Daktari alisema. "Nikakuachia wewe ukaze. Ulikaza?"

"Nilitazama, bosi."

"Sijauliza kutazama."

"Nilipiga tochi nikaona njano. Vichwa vyote vinne. Nikasema, leo Daktari kaamka vizuri, kanimalizia na kazi yangu. Nikapeleka gari kuoshwa."

Daktari aliweka kifuko mezani taratibu. Mikono iliyotolewa jana iliwekwa hapo hapo gerejini, miaka kadhaa iliyopita. Boliti zake zilikazwa hapo, zikachorwa hapo. Rangi ile haitoki kwa maji wala kwa petroli. Yeye mwenyewe ndiye aliyeichagua kwa sifa hiyo.

"Na kwenye mkono wenyewe? Mstari uliendelea?"

Kimya alifumba macho. "Mkono ulikuwa safi."

"Safi vipi?"

"Safi kama kitu kipya, bosi. Ulikuwa mpya."

Nusu mstari, basi. Gari lilikuwa limetoka gerejini jioni na mikono miwili ya mbele iliyoshikiliwa na boliti zilizozungushwa kwa vidole.

Daktari alimpigia dada yake. Simu haikupatikana. Hilo halikumshangaza: dada, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, alizima simu kila aliposhika usukani, na alikuwa akiwasema hadharani wote wasiofanya hivyo, mdogo wake akiwa wa kwanza. Jana usiku alikuwa amempigia kumshukuru. "Gari limetulia, mdogo wangu," alimwambia. "Kesho nikimtoa mzee hospitali hata nyonga haitamuuma."

Mzee ni baba yao. Alikuwa amepasuliwa nyonga, na leo alikuwa anarudishwa nyumbani. Nyumbani kulikuwa bondeni, na njia ya kwenda bondeni ilikuwa moja, ile ya mteremko.

Alipiga simu hospitali. Muuguzi wa wodi alipokea.

"Mzee wa nyonga? Ameshaondoka na binti yake. Ametuaga kitanda kwa kitanda, tumechelewa hata kugawa dawa."

"Wametoka muda gani?"

"Chai ilikuwa haijaletwa. Kuna tatizo?"

Daktari alikata simu. Kimya alikuwa ameshachukua kifuko, spana ya kipimo na jeki, akavitupa nyuma ya pikapu ya gereji. Havikuwekwa, vilitupwa, na Daktari hakumkemea.

Walitoka mjini Daktari akiwa kwenye usukani. Barabara ya tambarare ilikuwa nyeupe kwa jua na haikuwa na magari mengi. Kimya aligeuka kwa bosi wake.

"Bosi, jana jioni gari lile limevuka mji mzima, na mashimo yote yale. Si lingeachia huko huko? Labda zimejikaza zenyewe."

"Hakuna boliti inayojikaza yenyewe."

"Nasema labda."

"Mjini alikwenda polepole, na uzito wa gari ulikuwa ukiubana mkono mahali pake. Kila mtikisiko unazungusha boliti kidogo. Haionekani, haisikiki. Kinachoivuta hasa ni breki. Ukikanyaga breki, gurudumu linataka kurudi nyuma, na kitu pekee kinacholizuia ni ule mkono."

"Na kwenye mteremko..."

"Kwenye mteremko mtu hukanyaga breki njia nzima."

Kimya alitazama nje. "Mimi mama yangu aliniambia nikasomee ushonaji," alisema. "Suruali ikifumuka, watu wanacheka tu."

Juu ya mteremko palikuwa na kituo cha mafuta ambacho mmiliki wake alikuwa mteja wa gereji. Kimya alimpigia, akaweka simu kwenye spika.

"Gari la kijivu, refu nyuma," Kimya alisema. "Dereva mama mwenye miwani, mbele kuna mzee kalazwa kwenye kiti."

"Hao? Wapo hapa. Yaani, walikuwapo. Mama kaongeza upepo, kagombana na kijana wangu kwamba kipimo chetu kinadanganya. Mzee kaniuliza kama nimeoa."

"Wameondoka?"

"Nawaona wanaingia barabarani. Niwapigie filimbi?"

"Wakimbilie!" Kimya alipiga kelele. "Mwambie asishuke!"

Walisikia viatu vikikimbia juu ya changarawe, kisha pumzi. "Wameshakata kona, ndugu yangu. Mama yule haangalii nyuma."

Daktari aliongeza mwendo. Walipita kituo cha mafuta, mmiliki wake akiwa bado amesimama kando ya barabara, simu mkononi, akiwaonyesha bondeni kana kwamba kulikuwa na njia nyingine.

Mteremko ulikuwa umechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ulikuwa mwamba, na upande wa pili ukingo mfupi wa saruji, kisha hewa. Malori yalipanda kwa kusota, moja nyuma ya jingine, na kila kona ilikuwa na alama nyeusi za matairi ya watu waliochelewa kukumbuka breki. Kimya alikuwa ameshika dari.

Waliliona gari la kijivu baada ya kona ya kwanza ndefu. Lilikwenda pole, kwa heshima ya nyonga ya mzee. Kimya alinyoosha mkono kuelekea honi.

Daktari aliupiga mkono ule ukarudi.

"Bosi! Tumpigie, asimame!"

"Atasimama kwa nini?"

"Kwa honi!"

"Kwa breki," Daktari alisema. "Usipige honi. Usiwashe taa. Asijue tuko hapa."

Kimya alielewa, akaweka mikono yake yote miwili chini ya mapaja.

Daktari alisogea karibu kiasi cha kuona gurudumu la mbele kila gari la dada lilipoingia kona. Lile la upande wa mwamba lilikuwa wima. Gari likatoka kona, likaingia nyingine, na gurudumu likawa si wima tena. Lilikuwa limelala kidogo, kisha likarudi mahali pake. Mtu asiye wa kazi hii asingeona kitu.

"Umeona?" Kimya aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimeona."

"Boliti ya nyuma imetoka?"

"Sijui. Ama imetoka, ama iko kwenye uzi wa mwisho."

Kwa maelezo ya Daktari, mpango ulikuwa mmoja tu. Wampite, wakae mbele yake, kisha wapunguze mwendo kidogo kidogo, hadi dada naye apunguze kwa gia bila kugusa breki. Yeye ndiye aliyemfundisha dada kuendesha, na alijua kwamba nyuma ya gari linalokwenda pole dada hushusha gia kwanza. Chini, baada ya daraja, barabara ilipanda tena. Pale gari lingesimama lenyewe. Kilichohitajika ni mita mia mbili za barabara isiyo na lori.

Alichungulia. Lori lilikuwa linapanda. Akarudi nyuma ya dada. Alichungulia tena. Malori mawili, na nyuma yao basi.

"Baada ya basi," Kimya alisema. "Baada ya basi kuna nafasi. Naiona."

"Kaa kimya."

"Naiona, bosi, nakuapia."

Basi lilipita. Upepo wake uliitikisa pikapu. Mbele barabara ilikuwa tupu hadi kona inayofuata, kama Kimya alivyosema, na Daktari alitoka upande wa pili, akakanyaga mafuta. Pikapu ilikuwa imefika usawa wa tairi la nyuma la gari la dada.

Ndani ya gari la kijivu, miwani ya dada iligeuka kwenye kioo cha pembeni. Ilibaki pale kidogo. Kisha dirisha lake likashuka, mkono ukatoka nje, ukapunga. Alikuwa ameitambua pikapu ya mdogo wake. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu kwa mzee, na mzee, aliyekuwa amelala, akajaribu kuinua kichwa.

"Usisimame," Daktari alisema. Hakupaza sauti. Aliinua kiganja akamwonyesha mbele: nenda, nenda.

Dada aliwasha taa ya ishara, upande wa mwamba, kama anavyofanya dereva mwenye adabu anapotaka kumpisha mtu au kumsubiri.

"Dada, usisimame!" Kimya alipiga kelele, nusu ya mwili ikiwa nje ya dirisha. "Nenda! Nenda!"

Taa nyekundu za nyuma ziliwaka.

Gurudumu la mbele la upande wa mwamba lilirudi nyuma na kugota kwenye bati la gari. Gari lilivutwa upande huo huo, likaparua mwamba kwa ubavu wake wote, likanyanyuka kidogo, likatua, likaendelea kuparua mpaka mwamba ulipolisimamisha. Upande wa pili, ukingo wa saruji haukuguswa.

Daktari aliegesha pikapu kukatiza barabara, taa za tahadhari zikiwaka, akashuka akikimbia. Kimya alikwenda nyuma kusimamisha magari yanayoshuka.

Mlango wa dereva ulifunguka. Dada alitoka bila miwani, akashika paa la gari, akasimama. Damu ilikuwa kwenye nyusi yake ya kulia.

"Breki," alimwambia mdogo wake. "Nimekanyaga breki tu."

"Najua. Mzee?"

"Sijamsikia."

Mlango wa mzee ulikuwa umebanwa na mwamba. Daktari aliingia kwa upande wa dereva, akipiga magoti juu ya kiti chenye vioo vilivyovunjika. Baba yao alikuwa amelala kama alivyolazwa hospitalini, mkanda kifuani, macho yamefumbwa, mguu uliopasuliwa umepinda chini ya dashibodi.

Daktari aliweka vidole viwili shingoni mwake, chini ya taya, akangoja. Mshipa ulikuwa ukipiga.