Upande wa Nyuma wa Jogoo

Baba yangu hakuipenda mashine yangu tangu siku ilipoingia nyumbani. Aliiita "jiko lako". Ni leza ya kukatia mbao, ndogo, inakaa juu ya meza ya stoo, nami nilikuwa nakata hereni na vibao vya milango. Yeye, seremala wa miaka arobaini, alisimama mlangoni, akanusa moshi, akasema, "Watu wanakata mbao. Wewe unaipika." Kisha akaenda zake. Nilinuna wiki nzima, na mimi nikinuna sifichi. Milango ya nyumba ile inanijua.

Baadaye akapata kiharusi. Ulimi ulirudi, polepole lakini na ukali wake wote. Mkono wa kulia haukurudi. Vidole vilijikunja ndani ya kiganja, naye akaanza kuuficha chini ya taulo, hata mbele yangu mimi mwanawe. Dada wa mazoezi ya viungo, aliyekuja kila Jumanne, alituambia bila kuzunguka kwamba miezi sita ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa. Mkono usipotumika sasa, utazoea kulala. Na minne tulikuwa tumeshaimaliza.

"Mpe vitu vidogo vya kushika," aliniambia nikimsindikiza getini. "Chochote kile, ila ashike kwa mkono ule."

Nikampa vifungo. Akavitazama, akanitazama, akageukia dirishani. Nikampa mpira, ukaishia chini ya kochi, na uko huko mpaka leo. Ndipo nikawaza kwamba mtu aliyekula jasho la mbao maisha yake yote hawezi kuikataa mbao. Nitamtengenezea picha ya vipande, aipange.

Stoo ile zamani ilikuwa ya mabaki yake. Nyuma ya mlango nilikuta plaiwudi nyembamba, ukubwa wa sinia, imeegemezwa ukutani. Nikafuta vumbi upande ulionitazama, nikaona ni safi, hauna hata doa. Picha nikachagua ya jogoo, maana tuliwahi kufuga jogoo ambaye baba alimpenda kuliko sisi watoto. Nikachora kwenye kompyuta vipande sitini, kila kimoja na kichwa cha kuingia kwa mwenzake. Leza ikamchoma jogoo kwanza, halafu ikaanza kukata. Kazi hiyo unaisimamia kama maziwa yaliyo motoni, huondoi macho. Simu ikaita, nikaondoa macho. Kipande kimoja cha safu ya juu kikawaka, na mpaka nisimamishe mashine na kukibana kwa kitambaa kibichi, kilikuwa mkaa. Nikakitupa. Si kitu, nikajisemea, mchoro upo, nitakata kingine.

Nikamwekea baba vipande vyake hamsini na tisa mezani.

"Nini hiki?"

"Jogoo, baba. Umpange."

"Nimekuwa wa chekechea siku hizi?"

Hata hivyo akachukua viwili kwa mkono wa kushoto, nadhani apate cha kukosoa. Akanusa. Akaviunganisha, akavitikisa, vikaachana.

"Vinacheza. Msumeno hula mbao ukipita, na moto nao unakula. Hukuuachia chakula chake."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikafungua mdomo nimjibu, na hapo akakigeuza kimoja.

Nyuma yake palikuwa na mstari wa penseli. Baba akageuza kingine, na kingine.

"Ubao huu umeutoa wapi?"

"Stoo. Nyuma ya mlango."

"Uliugeuza?"

Sikuugeuza. Kabla hajanishikisha nyundo, nikiwa na miaka sita, alinifundisha jambo moja: ubao unageuzwa kabla ya kukatwa. Upande mzuri ni wa mteja, upande wa nyuma ni daftari la fundi, huko ndiko anakoandika vipimo vyake. Mtu mwingine angesamehewa kwa kutojua. Mimi nimekulia kwenye maranda.

"Ni mkono wa mama yako," akasema.

Mama alikuwa amelalamika kwamba vishikio vya kabati la jikoni ni vya mikono ya wanaume. Basi baba akamwambia aweke kiganja juu ya ubao, akakizungushia penseli, akachonga vishikio vipya kwa kipimo hicho. Vipo mpaka leo, navishika kila asubuhi nikitafuta chumvi. Mama hayupo, huu ni mwaka wa tatu. Na ubao wake baba aliuegemeza nyuma ya mlango, mchoro ukitazama ukuta, asimwambie mtu. Nami nimeukata vipande sitini nipate jogoo.

Nililia palepale. "Nisamehe, baba."

Alikuwa anavigeuza vipande vyote, kimoja kimoja, jogoo chini.

Siku tatu nzima alivipanga hivyo, hakutaka redio wala wageni. Upande ule haukuwa na picha ya kumwongoza, ni rangi ya mbao tu na penseli iliyofifia. Na kwa kuwa nilivikata vibaya, kila akipachika kimoja, jirani yake anachomoka. Siku ya kwanza nilimsikia akiilaani mashine yangu mpaka chai ikapoa. Siku ya pili nilipoingia, taulo lilikuwa sakafuni. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya meza, mzito, umelalia vipande visihame, huku wa kushoto ukipachika. Nilirudi nyuma kimyakimya. Siku ya tatu ilikuwa Jumanne. Dada wa mazoezi alichungulia, akanifinya kiwiko, na wote wawili tukabaki mlangoni tumebana pumzi kama wezi.

Alasiri mkono wa mama ulikuwa umetimia, isipokuwa ncha ya kidole cha kati.

"Kimoja kiko wapi?"

"Kiliungua. Nilikitupa." Nikangoja radi.

"Unaweza kukata kingine?"

"Naweza. Lakini kitakuwa kitupu, baba. Hakitakuwa na mstari."

"Kata. Na safari hii uulishe huo moto."

Nikaenda, nikakiongeza unene wa unywele kila upande, nikakata, na simu niliiacha jikoni. Baba alikibonyeza kikaingia kwa kubana. Akapapasa maungio kwa kidole gumba.

"Hapo sasa umekata," akasema. Miaka yote ya leza yangu, sikuwahi kuambiwa hivyo.

Kisha akataka penseli. Nilimwekea upande wa kushoto, akaisukuma.

"Mkono huu hauna habari naye," akasema. "Uliomchora ni ule."

Akavikunjua vidole vya kulia kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, akaiweka penseli katikati yake, akavifunga. Penseli ikaanguka. Nikainama. "Acha," akasema, akaiokota mwenyewe. Ikaanguka tena. Mara ya tatu ikakaa. Alianzia pale mstari wa zamani ulipokatikia, akapanda, bega zima likitetemeka, akazunguka ncha ya kidole, akateremka mpaka mstari ukakutana na mwenzake. Jasho lilikuwa linamtiririka. Mimi sikuwa naona vizuri, kwa machozi.

Akaiweka penseli mezani, akautazama mkono wa mama.

"Nimemnenepesha kidole," akasema. "Angenisema mpaka kesho."

"Angekusema, baba."

Nikanyoosha mkono nichukue penseli, niirudishe mahali pake.

"Iache hapo," akasema. "Kesho nitaufuta mstari wangu, niuchore tena."