Viti Kumi na Kimoja

Nilimpima Gulzada nyonga siku ya Jumatatu alfajiri, mbele ya wanaume kumi waliokuwa wakimcheka, na ile futi ya fundi cherehani ikabakiza ncha ndogo tu ya kushika.

"Dada Sheeba, polepole," akaniambia. "Hili ni tumbo la mtu, si shehena."

"Shehena ni wewe mwenyewe, Khan Saheb!" akadakia mmoja wao, na ghala zima likaangua kicheko.

Gulzada naye akacheka. Alikuwa dereva wa matrekta ya mizigo kwenye uwanja wa ndege, Mpathani wa Swabi karibu na Peshawar, wenzake wakimwita Khan Saheb kwa heshima na kwa utani, mwaka wa kumi na tisa kazini, mrefu kuliko mlango wa ofisi yangu na mpana karibu kama mlango huohuo. Wafanyakazi wote waliniita Madam. Yeye peke yake aliniita dada, tangu siku ya kwanza, bila kuniomba ruhusa.

Ghala lile liko nyuma ya karakana. Ndani yake kuna kipande cha ndege cha mbao, hakina mabawa wala rubani, kina viti na taa tu. Tunakiita Ndege ya Mbao, na hapo ndipo shirika letu la ndege hujaribu viti kabla ya kuvinunua. Mwaka ule tulikuwa mbioni kuagiza ndege mia moja na hamsini kwa mpigo, kwa sababu shirika jirani, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, lilikuwa limetangaza mia moja na ishirini. Sababu nyingine sikuisikia. Watu wazima wenye suti walishindana kama watoto wenye gololi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliowashikia gololi zao.

Bosi wangu, Bi Nayla Haddad wa Beirut, akaja na wazo lake: safu ya viti kumi iwe ya viti kumi na kimoja. Wakubwa wakasita, wakasema abiria watalalamika. Bi Nayla akawaahidi ushahidi. Mtu mkubwa kuliko wote kazini angekaa kwenye kiti kipya saa kumi na nne, kama safari ya New York, kisha angetia sahihi kwamba yuko vizuri.

Gulzada alikubali kwa jambo moja tu. Binti yake, Palwasha, alikuwa anaolewa Ijumaa ile, siku chache baada ya Idi, na likizo zote za watu wa uwanjani zilikuwa zimefutwa mpaka mkataba wa ndege mpya utiwe sahihi. Palwasha alikuwa ameapa kwamba haozwi na mtu ila baba yake. Ami yake, aliyemtoa shule kwa fimbo, asiguse hata pindo la shela lake.

"Ukikaa mpaka mwisho bila kulalamika," Bi Nayla akamwambia, "Jumatano unapanda ndege. Neno langu hilo."

"Saa kumi na nne tu?" akasema Gulzada. "Bibi, mimi nimekaa kwenye trekta miaka kumi na tisa. Lete kiti."

Tukaanza saa kumi na mbili asubuhi. Wale wanaume kumi, walioahidiwa biriani na siku moja ya mapumziko, wakajaza safu. Gulzada akawekwa katikati kabisa. Mikono ya kiti chake ilikataa kushuka. Bi Nayla akaikandamiza kwa viganja, ikakataa. Akapanda kiti cha mbele, akaikandamiza kwa goti, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikazama kwenye mbavu za yule mtu. Gulzada akafumba macho.

"Mnaona?" Bi Nayla akatuambia. "Anaenea."

Kila saa nilimwendea na fomu ya kuuliza starehe yake, moja mpaka tano.

"Tano," akasema saa ya tatu. "Na andika kwamba huyu wa kulia ananuka vitunguu."

"Afadhali vitunguu! Wewe unanuka dizeli!"

Saa ya saba utani uliisha. Magoti yake yalikuwa yamebanwa na kiti cha mbele, na miguu ilianza kuvimba. Akaomba kwenda msalani. Bi Nayla akakataa, kamera ilikuwa inarekodi na hakutaka picha ikatike. Gulzada akaacha kunywa maji. Saa ya kumi na moja alikuwa anahema kwa kinywa, na jasho lilikuwa linamwingia machoni asiweze kuinua mkono kulifuta. Nilimfuta mimi, mara moja, nikaangaliwa vibaya, nikaacha.

"Khan Saheb, sema mbili twende zetu nyumbani," jirani yake akamnong'oneza. "Hiki si kiti, ni kaburi."

"Palwasha haolewi kwa mbili," akajibu. "Dada, andika tano."

Nikaandika tano. Nilimwona anavyoumia, sikuwa kipofu, na nikaandika tano kwa mwandiko mzuri.

Ilipotimia saa ya kumi na nne alitia sahihi. Watu wanne walimng'oa pale, mbavu zake zina michirizi ya zambarau, miguu imekataa kukanyaga. Bi Nayla akampa karatasi ya likizo na tiketi ya wafanyakazi, ile ya kusubiri nafasi itakayobaki. Gulzada akaibusu karatasi, akaiweka mfukoni, akaondoka akiwa amebebwa mabegani, anacheka.

"Sasa ingia kwenye faili lake la usafiri," Bi Nayla akaniambia. "Andika: abiria mkubwa, anahitaji viti viwili."

"Viwili? Si tumetoka kuthibitisha kwamba anatosha kimoja?"

"Ushahidi hauna uzito kama alikuwa mtu wa kawaida. Wakubwa wakifungua faili, waone tulimkalisha nani."

Nikaandika, nikatuma, nikaenda nyumbani kupika.

Jumatano adhuhuri simu yangu ikalia. Alikuwa Gulzada, yuko mlango wa kupandia ndege, sauti yake imejaa kelele za watu.

"Dada Sheeba, huyu binti wa hapa anasema kompyuta yake inanitaka nikae viti viwili. Kilichobaki ni kimoja. Mwambie nilikaa! Mwambie, dada, ulikuwepo, karatasi yangu unayo."

Yule binti akachukua simu. "Madam, mimi sina ubaya naye. Nitumie hiyo ripoti tu nimpandishe. Nina dakika kumi na tano, na ndege zote za Peshawar zimejaa mpaka wiki ijayo, watu wamekwenda Idi."

Nikamkimbilia Bi Nayla. Alikuwa anachagua rangi ya utepe wa meza ya kutia sahihi mkataba wa ndege.

"Ripoti ni siri mpaka Jumatatu," akasema bila kuinua kichwa.

"Basi niruhusu nifute yale maneno ya viti viwili."

"Ukiyafuta, mimi nilimkalisha nani? Mtu yeyote tu?"

"Bi Nayla, binti yake anaolewa. Ulimpa neno lako."

"Nilimpa likizo. Nimeizuia?" Sasa akaniangalia. "Sheeba, mkataba wako unakwisha mwezi gani?"

"Wa tisa."

"Haya."

Nikarudi kwenye simu, nikasema hakuna ripoti. Nilisikia yule binti akimwambia, na nilimsikia yeye akiuliza, "Amesema nani? Dada Sheeba amesema?" Nikakata.

Wapiganao ni fahali, ziumiazo ni nyasi, ndivyo tunavyosema. Lakini fahali hawarudi kesho yake kuziomba nyasi zipige picha. Bi Nayla alirudi. Kwa kuwa Gulzada hakusafiri, akasema, basi aletwe Ijumaa jioni, sherehe ya kutia sahihi ilihitaji picha yake kubwa akiwa kitini.

Alikuja amevaa nguo alizoshona kwa ajili ya harusi, kanzu fupi nyeupe na suruali yake, na kizibao kipya cheusi. Hakunilaumu. Aliniomba kitu kimoja. Imamu wa kwao alikuwa amekubali kuisikia sauti yake kwa simu mbele ya mashahidi, saa kumi na nusu, ili amwoze binti yake mwenyewe.

"Dakika tano tu, dada."

"Nakuahidi," nikamwambia.

Wakamsukumia kitini. Mikono ya kiti ikashushwa kwa goti kama mwanzo, na mikono yake mwenyewe ikabanwa humo. Simu ilikuwa pajani. Ikalia. Uso wa Palwasha ukajaa kwenye kioo, shela jekundu, macho yamepakwa wanja, na nyuma yake wanaume wamekaa duara.

"Hiyo simu itoke," akasema Bi Nayla.

"Bibi, dakika mbili, nakuomba. Wananisubiri mimi."

"Mwanga unaondoka. Sheeba, ichukue."

Nikaichukua. Haikuwa kazi, kwani hakuweza kuinua mikono. Nikasogea nayo pembeni, hatua kama sita.

"Baba?" simu ikasema kiganjani mwangu. "Baba, unanisikia? Sema tu neno, baba. Ami amesimama mahali pako."

"Nipo!" Gulzada akapiga kelele kutoka kitini. "Mwanangu, nipo hapa!"

"Asipige kelele, uso unakunjamana," akasema mpiga picha.

Bi Nayla akanitazama. Nikabonyeza kitufe chekundu.

"Tabasamu, Khan Saheb," akasema mpiga picha. "Ukitabasamu vizuri, tunamaliza upesi urudishiwe simu yako."

Akatabasamu. Alitabasamu kwa meno yote, haraka, na machozi yanamtoka. Mpiga picha akasema machozi ataweza kuyafuta.

Nilipompa simu, akapiga mara tatu ndipo ikapokelewa. Ami alikuwa ameshamwoza. Palwasha hakutaka kuzungumza na mtu.

Jumatatu mkataba ulitiwa sahihi, ndege mia moja na hamsini, na nyuma ya meza Gulzada alijaa ukuta mzima. Mkurugenzi mmoja aliniinamia akasema, "Angalia alivyostarehe." Nikasema ndiyo. Mkataba wangu umeongezwa miaka mitatu.

Gulzada bado anaendesha trekta. Tukikutana uwanjani hupunguza mwendo, hunisalimia kwa adabu zote, mkono kifuani. Ananiita Madam.