Neno Juu ya Kioo

Wembe wa mjomba ulikuwa umefika chini ya kidevu cha mtu wa usalama, ndipo yule mtu alipouliza lile neno la chaki juu ya kioo lina maana gani. AKUZATIVO. Katika haraka yetu ya kujifanya wateja alipoingia, hakuna aliyekumbuka kulifuta.

Miaka ile kukutana bila kibali kulimpeleka mtu jela, na mjomba wangu, kinyozi, alikuwa akitufundisha Kiesperanto, lugha ya kubuniwa ya watu wa mataifa yote, mlemle dukani kwake. Angeweza kusema ni jina la mafuta ya nywele. Lakini mjomba, ukimuuliza asili ya neno, hajiwezi. Akaanza: ni neno la sarufi, hali ya nomino inayotendewa, limetoka kwa Warumi, waliolifasiri kutoka kwa Wagiriki. Wagiriki walimaanisha kitu kilichosababishwa na tendo. Warumi wakateleza, wakaliita la kushtaki, na kosa likabaki hadi leo. Nilitamani ardhi inimeze. Nyamaza, mjomba, nilisema moyoni, nyamaza.

"Nani mwingine anajifunza?"

"Mimi peke yangu, mkuu."

Mtu wa usalama akatukagua kupitia kioo, benchi zima, halafu akaninyooshea kidole. "Wewe binti, umemwelewa?"

Katika darasa la mjomba aliyeulizwa husimama kwanza. Miguu haikuningoja. Nikajikuta wima, mikono nyuma, na fundi cherehani, mwanafunzi mwenzangu kando yangu, akafumba macho.

Yule mtu alingoja shavu la pili limalizike, akajipangusa taratibu, kisha akamwambia mjomba afike ofisini kesho asubuhi, "na huyu anayesimama."

Jioni ile mjomba alinitania kwamba nimekuwa mwanafunzi hodari kupita kiasi, akaahidi tutakwenda pamoja. Nilipoamka, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na mlango umefungwa kwa nje, nisimfuate. Alikuwa amekwenda kuwaambia kwamba mpwa wake ni punguani, husimama kila anaposemeshwa. Walimwamini kuhusu mimi, lakini yeye wakamfunga. Mimi sikujua, na kila gari lililosimama nje nilidhani limenifuata.

Mvua zilianza zikaisha kabla hajarudi. Aliingia dukani bila salamu, akakaa kwenye kiti cha wateja, ndevu zimemjaa, akanisogezea wembe.

"Ninyoe wewe, mwanangu," alisema. "Mikono yangu haitulii tena."