Karakana ya Mfano

Mama Soli alikuwa na shemeji ambaye hajawahi kuuza hata njiti ya kiberiti, na huyo ndiye aliyeajiriwa kuwafundisha wenzake namna ya kuuza. Alikuwa mdogo wa mumewe, afisa katika ofisi ya kustawisha biashara ndogo na za kati, na ukoo mzima ulimwita Mtaalamu. Wengine walimwita hivyo kwa heshima. Mama Soli alimwita hivyo kwa kuwa hakutaka ugomvi na mama mkwe.

Karakana yake ya viatu ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vipuri: cherehani mbili za kushonea ngozi, meza ya kukatia, rafu za kalibu, na harufu ya gundi iliyokupokea kabla hujabisha hodi. Kalibu ni ile miguu ya mti ambayo fundi huvuta ngozi mbichi juu yake, akaipigilia vimisumari, kisha akaiacha ikauke mpaka ishike umbo. Siku tatu. Ukiwa na haraka, siku tatu. Ukiwa na cheo, siku tatu vilevile.

Mle ndani walifanya naye kazi watu wanne: wanawake wawili washonaji, kijana mkata ngozi, na Mzee Gundi, aliyebandika soli tangu Mama Soli mwenyewe akiwa mwanafunzi wa ufundi. Na mwezi ule riziki ya wote wanne ilining'inia kwenye jozi kumi na mbili. Chuo cha wauguzi kilitaka viatu vya wanafunzi. Matroni wa chuo, mama mnene asiyepoteza maneno, alikuja mwenyewe na vipimo vya miguu ya wanafunzi kumi na wawili.

"Hizi za majaribio," alisema. "Nikiridhika, chuo kizima chako, miaka mitatu. Nisiporidhika, nitanunua za dukani kama wenzangu. Nazitaka Ijumaa. Jumatatu wanaingia wodini."

Jumatatu ya wiki hiyo ngozi zikavutwa kwenye kalibu. Jumatatu hiyohiyo Mtaalamu akatokea mlangoni, tai shingoni, meno nje.

"Shemeji, pongezi! Karakana yako imechaguliwa kuwa ya mfano. Jumatano mgeni rasmi anakuja kuiona. Ila lazima kesho uhudhurie semina. Bila semina hutambuliki."

"Kesho nina kazi."

"Ndiyo tatizo lenu ninyi wenye biashara ndogo. Mnafanya kazi tu, hamna muda wa kukua."

Mama Soli akamkumbuka mama mkwe. Alikwenda semina.

Ukumbini walikuwa wenye biashara arobaini ambao kila mmoja alikuwa amefunga mlango wake siku nzima ili aje kuambiwa kwamba asiufunge mlango wake ovyo. Kulikuwa na kinyozi, msaga nafaka, mchomelea mageti, na mama wa sabuni aliyekuwa akitazama saa kama aliyeacha chungu motoni. Mada ya kwanza ilikuwa matumizi bora ya muda. Ilichelewa kuanza kwa saa moja na nusu, kwa sababu mtoa mada alikuwa hajafika. Alipofika alisimama mbele, akanyoosha shati, akauliza kwa sauti ya kuwachekea watoto: "Nani ataniambia, mjasiriamali ni nani?"

"Ni mtu ambaye sasa hivi angekuwa kazini," alisema mchomelea mageti. Ukumbi ukaangua kicheko. Mtoa mada akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Mchana waliambiwa kwamba wao ni uti wa mgongo wa uchumi. Mama Soli alijaribu kujiona akiwa uti wa mgongo, akaona ni kweli kwa namna moja: kila mwenye mzigo anautwika. Hicho kilemba cha ukoka walivishwa mpaka saa kumi jioni, kisha wakapewa kalamu moja moja na kuruhusiwa kurudi makwao.

Aliporudi karakana alikuta ukuta umepakwa rangi, kitambaa cha meza kimetandikwa, na juu ya kitambaa jozi kumi na mbili za viatu zimepangwa kama za dukani. Zina soli. Hazina kalibu.

Alishika kimoja, ngozi ikambonyea vidoleni kama kipande cha mkate uliolowa maji.

"Nani kazitoa?"

Mzee Gundi alikuwa amekaa pembeni, kofia mkononi. "Shemeji yako. Alisema hizi kalibu zinaonekana kama miguu iliyokatwa, mgeni rasmi atashtuka. Nikamwambia ngozi ni mbichi, ina siku moja tu. Akasema umeshakubali, ametoka kuongea na wewe huko semina. Kaing'oa misumari mwenyewe, mama. Mimi nikabandika soli. Ningekupigia. Nilimwamini mtu wa familia yako, ndiyo kosa langu."

Walijaribu kuzirudisha kwenye kalibu. Nne zilichanika pembeni, zilizobaki zikakataa: ngozi ikishaanza kujikunja kwa namna yake, haisikii tena ya fundi. Mama Soli alijua tangu alipozishika. Alijaribu tu ili mikono isikae bure.

Akampigia Mtaalamu. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa. Sauti ya upande wa pili ikarudi tamu kabisa.

"Shemeji, unapaniki. Kwa macho viko vizuri sana. Halafu nimekuandalia jambo: nimemwalika yule matroni wako kesho. Atakupa mkono mbele ya mgeni rasmi. Picha inatoka, mnunuzi na mzalishaji. Hiyo ndiyo tunaita kuunganisha na soko."

"Nilishaunganishwa na soko! Wewe ndiye umeniunganua!"

Simu ikakatwa. Dakika tano baadaye akapiga mama mkwe, akisema mwanawe ana nafasi ya kupandishwa cheo, na kwamba mke mwema hamwaibishi mdogo wa mumewe hadharani.

Jumatano mgeni rasmi alifika na watu wengi kuliko kiasi cha chumba. Washonaji walibanwa ukutani kwenye rangi ambayo haijakauka. Mgeni alisoma hotuba akisema biashara kama hii huajiri watu wengi kuliko viwanda vikubwa, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba ofisi yake haitalala, jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha. Wakapiga makofi. Kisha Matroni akaitwa mbele.

Matroni hakutoa mkono. Alichukua kiatu kimoja mezani, akakigeuza, akakibonyeza kisigino, akakiweka chini. Kiatu kikalala upande. Akachukua cha pili, nacho kikalala.

"Hiki nini?"

Mtaalamu alicheka kwa sauti. "Ni bidhaa za mwanzo tu, mheshimiwa. Ngozi ya siku hizi nayo..." Akamgeukia Mama Soli, macho yakimsihi. "Si ndiyo, shemeji? Ngozi ilikuwa mbaya."

Mama Soli alimwona mama mkwe kichwani mwake, amekaa na kanga yake, amekunja midomo. Akamtazama na Mzee Gundi, ambaye alikuwa ameinamisha uso kana kwamba kosa ni lake. Akapiga moyo konde.

"Ngozi ilikuwa nzuri," alisema. "Nilizivuta Jumatatu. Jana ofisi hii iliniita semina, na nilipokuwa huko, huyu shemeji yangu alikuja akazing'oa kwenye kalibu zikiwa mbichi, ili zipendeze kwenye picha. Nipe siku sita, matroni, nikuletee viatu ambavyo utakanyagia mawe."

Mpiga picha akashusha kamera. Mgeni rasmi akajitia kusoma ujumbe kwenye simu yake.

Matroni alimtazama Mama Soli, si kwa hasira.

"Nakuamini," alisema. "Lakini wanangu wanaingia wodini Jumatatu. Siwezi kuwavalisha maelezo."

Akatoka. Wiki hiyohiyo chuo kikanunua viatu vya dukani, vya plastiki, na mkataba ukaenda navyo.

Mwisho wa mwezi Mama Soli aliwaita wanne wake awaambie kazi haiwatoshi tena wote. Hakuwa amemaliza sentensi ya kwanza Mzee Gundi akasimama.

"Hawa akina mama wana watoto wadogo," alisema. "Mimi naondoka." Kijana mkata ngozi akaangalia chini, kisha naye akasimama. Mama Soli alilia pale pale, mbele yao, bila kujificha.

Baada ya wiki kadhaa Mtaalamu alirudi. Alikuja mchana, kwa upole, ameshika kitabu kipya chenye jalada la kung'aa.

"Shemeji, tusiwekeane kinyongo. Ripoti imetoka, na karakana yako imefanya vizuri kuliko zote katika mradi. Tazama ukurasa huu."

Mama Soli akatazama. Palikuwa na jedwali. Kwenye mstari wa karakana yake palisomeka: biashara mpya zilizozaliwa, mbili.

"Zipi hizo?"

"Mzee Gundi, si anashona kandambili nje ya soko? Na yule kijana anauza mikanda pale kona. Walikuwa vibarua, leo ni wamiliki. Kabla yetu mlikuwa biashara moja. Sasa mko tatu!"

"Walipoteza kazi hao. Kwa sababu yako."

"Lugha, shemeji, lugha. Sisi tunasema wamejiajiri. Mzee Gundi tumemwandika mkurugenzi."

Mama Soli alinyanyuka, akachukua kile kitabu, akakitupa barabarani, kisha akamshika Mtaalamu kwenye mkono wa koti na kumpeleka mlangoni kilikokwenda kitabu chake. Akamwambia akamweleze mama yake yote, asimfiche hata neno, na kwamba yeye mwenyewe atakwenda Jumapili kuyarudia. Washonaji walisimamisha cherehani ili wasikie vizuri.

Kesho yake asubuhi, kabla ya jua kupata nguvu, mkurugenzi alichungulia mlangoni, kofia mkononi, akauliza kama leo kuna kazi yoyote, hata ya nusu siku. Mama Soli akamwambia hakuna.