Mwanamvua katika Nchi ya Wenye Kuita Wafu

Mwanamvua alikuwa bintiye Bi Mgeni, mganga aliyesifika Pangani yote kwa kuwatuliza waliofiwa, na tangu mamaye azikwe watu hawakuacha kuja kubisha hodi. Asubuhi ya siku ile alikuja mjane kijana aitwaye Siwema, asiyelala wala kula tangu mumewe afe, akaomba aitiwe marehemu aseme naye japo neno moja. Mwanamvua akamwambia kwamba yeye hana uganga, mama hakumwachia kitu. Siwema akaondoka, na jinsi mgongo wake ulivyoinama ikamchoma Mwanamvua moyoni. Baada ya adhuhuri akafukiza ubani, akanuia kumwita mamaye kutoka kaburini amfichulie siri ya uganga wake, na katika kungoja usingizi ukamchukua.

Akajiona yu katika nchi isiyo na jua wala kivuli, ambako miti ilizaa hirizi badala ya matunda, zikigongana kwa upepo kama meno ya mtu mwenye baridi. Langoni aliketi Hofu, kikongwe mwenye macho yasiyofumba, akiwavisha wapitao hirizi juu ya hirizi hadi shingo zikawalemea. Mbele zaidi Kiburi alisimama juu ya makaburi akiwaamuru wafu kwa fimbo, nao wakainuka kweli, wakamkodolea macho, vinywa vimejaa udongo, wasiseme kitu. Mwanamvua akataka kukimbia, ndipo mwanamke mrefu aliyejitanda kaniki akamshika mkono, akamwambia kuwa yeye ndiye Huruma, na kwamba Bi Mgeni alikuwa shoga yake wa miaka mingi.

Wakapanda kilima hadi kwenye kibanda. Ndani Bi Mgeni alikuwa ameketi mkekani, goti kwa goti na mtu anayelia, wala hakuinua macho kumtazama binti yake, maana alikuwa kazini, na uso wake ulikuwa umetulia katika kusikiliza kama maji ya kisima. Mwanamvua hakuwa amewahi kuona kitu kizuri kama kile. Akauliza kwa kunong'ona mama anasoma dua gani ya kuita wafu.

"Mwanangu," Huruma akamjibu, "mama yako hakumwamuru maiti hata siku moja. Alimwuliza aliye hai habari za aliyekufa, akasikiliza hadi mwisho. Ubani ulikuwa wa kumtuliza mtu akae, na hirizi ilikuwa ya kumpa cha kushika akienda zake. Uganga ni huo, nao ni mzito kuliko kufufua."

Mwanamvua akazinduka, mambo yamemwelea. Akajitanda kanga, akaenda moja kwa moja kwa Siwema, akamkuta kajikunyata ukumbini.

"Amekuja?" Siwema akauliza.

"Nieleze kwanza," Mwanamvua akasema, akiketi karibu naye, "alikuwa akichekaje?"

Siwema akaanza, akakwama, akalia, akaanza tena. Jua lilipokaribia kuzama akamwiga mumewe alivyokuwa akicheka, kicheko kilekile kizito cha kifuani, hata mama mkwe, aliyekuwa jikoni, akatoka mbio hadi mlangoni kutazama nani amerudi.