Kuinamisha Si Kufungua

Jumatano asubuhi, baada ya kifungua kinywa, Ottilie Schanbacher alilivuta sanduku lake la safari kutoka uvunguni mwa kitanda, akalipangusa vumbi, akalishusha ngazi na kulisimamisha ukumbini kando ya kabati la viatu. Kisha akarudi jikoni, akiwa amevaa koti la kutokea nje na kofia ya sufu, akamwambia mumewe kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani kwamba Jumapili dada yake Roswitha angekuja kunywa kahawa, na kwamba yeye Ottilie alikusudia kuinywa kahawa hiyo akiwa na blauzi. Akilazimika kuinywa na koti, angeondoka na Roswitha kwenda kwake Tuttlingen, na asingerudi hadi Pasaka.

“Wewe utabaki na mashine zako,” alisema. “Mtapashana joto.”

Gerold hakulichukulia neno hilo kuwa mzaha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka, na yeye alikwisha kuumwa mara moja, mwaka ule aliponunua mashine ya kukata nyasi inayojiendesha yenyewe. Mashine ile ilinyoa maua yote ya tulipu ya Ottilie hadi shingoni, na Ottilie akaenda Tuttlingen, akakaa huko hadi mashine ilipouzwa. Katika kipindi hicho Gerold aliishi kwa soseji za kopo na dengu za jana, akagundua kwamba nyumba isiyo na mtu wa kukukosoa ina ukimya usiofaa kwa afya.

Safari hii kosa halikuwa la nyasi bali la joto. Gerold alikuwa mkaguzi wa mizani wa jimbo kabla ya kustaafu. Alizunguka masoko na bucha za nyanda za juu za Alb akihakikisha kwamba kilo ni kilo. Mtu wa namna hiyo hastaafu kwa kweli, hupungukiwa tu na bucha za kuingia. Kwa hiyo vuli ilipofika aligeukia hita za nyumbani kwake, zile za chuma zilizoshikamana na kuta chini ya madirisha na kupitiwa na maji ya moto. Kila moja aliivika kidhibiti kipya: kichwa cheupe chenye kioo kidogo, betri mbili, na mota inayonguruma kama paka mwenye mafua kila inapofungua au kufunga maji. Hakuna waya hata mmoja. Akiwa kitini na simu mkononi, Gerold aliamua chumba gani kipate joto kiasi gani na saa ngapi, na hita zikatii. Kwa mara ya kwanza tangu astaafu, kulikuwa tena na kitu kinachomtii.

Angeishia hapo, pasingekuwa na hadithi. Lakini aliongeza vitambuzi vya madirisha. Hivi ni vipande viwili vidogo vya plastiki, kimoja kwenye fremu na kingine kwenye dirisha lenyewe. Vikitengana, habari hupita hewani na hita hujifunga, maji ya moto yasije yakapasha joto mawingu. Watu wenye kiasi hukifunga kila kitambuzi na hita ya chumba chake. Gerold aliviunganisha vyote na nyumba nzima, hivi kwamba dirisha lolote likifunguliwa, hita zote zilale. Ubadhirifu, alimweleza mkewe, hauna chumba.

Ni lazima ieleweke kwamba kule Alb, kufungua madirisha si jambo la hiari. Mtu anaweza kuikosa ibada miezi sita na mchungaji akamsalimu kwa tabasamu. Lakini asiyeyaachia wazi madirisha yake yote kwa muda kila asubuhi, theluji iwepo isiwepo, majirani humtazama kama mtu aliyeficha maiti sebuleni. Gerold aliitimiza ibada hiyo kwa moyo mkunjufu. Alifungua yote, akasimama katikati ya baridi kama nahodha, akayafunga yote. Hapo ndipo hita zilipopaswa kuamka.

Hazikuamka. Kila siku zilibaki zimelala hadi adhuhuri, na Ottilie akawa anamenya viazi huku amevaa glavu. Katika kila kioo kidogo palitokea alama ya dirisha lililo wazi, na simu nayo ilisema hivyo hivyo: dirisha limefunguliwa. Gerold aliizunguka nyumba, chumba kwa chumba, akigusa kila mpini. Sebuleni pamefungwa. Jikoni pamefungwa. Vyumba vya juu vimefungwa. Mwisho alichungulia katika choo kidogo cha karibu na mlango wa mbele, akakuta dirisha liko kama lilivyokuwa siku zote, akaridhika. Mashine, aliamua, zilikuwa zinasema uongo.

Choo hicho kinahitaji maelezo, kwa heshima zote. Ottilie hakukitumia, yeye alikuwa na bafu lake ghorofani. Kilikuwa cha wageni na cha Gerold, na kwa kuwa wageni walikuwa wachache, kilikuwa cha Gerold. Kila baada ya kifungua kinywa aliingia humo na gazeti, akatoka akiwa mtu mpya, na kabla ya kutoka aliugeuza mpini wa dirisha kuelekea juu, dirisha likainamia ndani kwa kichwa na kuacha mwanya wa vidole vinne. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na marehemu mama yake, aliyeamini kwamba choo kisichopumua huaibisha ukoo. Dirisha lilibaki limeinama hadi chakula cha mchana, alipokuja kunawa mikono na kulifunga. Na dirisha lililoinama, mtu yeyote wa kule atakuambia, si dirisha lililofunguliwa. Limeinamishwa tu. Ni hali nyingine kabisa, kama vile kusinzia si kulala.

Kwa hiyo katika siku zilizobaki Gerold aliwinda kosa kila mahali isipokuwa pale alipoketi kila asubuhi. Alibadilisha betri zote. Alivirudisha vidhibiti kwenye hali ya kiwandani na kuvifundisha upya, kama watoto waliofeli darasa. Alipiga simu kwa huduma ya wateja, na binti mwenye sauti ya upole akamuuliza kama kuna dirisha lolote lililo wazi. Gerold akamjibu kwamba alikuwa ameikagua mizani ya jimbo zima na aliweza kutofautisha wazi na funga bila msaada. Binti akamtakia siku njema. Ijumaa aliushuku ule mtambo wa kupimia hali ya hewa wa jirani yake Eugen, ambao nao ulituma mawimbi hewani, akatoka kumwomba auzime kidogo. Eugen, aliyekuwa akizoa theluji njiani kwake, aliegemea koleo lake akafikiri.

“Nitazima, mzee,” alisema. “Lakini na Mungu naye mwambie azime wa kwake, maana anatuma mawimbi tangu zamani na hujawahi kumlalamikia.”

Mtambo ulizimwa, nyumba haikupata joto. Sanduku lilibaki ukumbini, na kila alipopita kuelekea chooni Gerold alilikwepa kwa upande, kama mtu apitaye mbele ya mbwa asiyemjua.

Jumapili asubuhi alichukua tahadhari. Aliruka gazeti. Hakuingia chooni kabisa, si kwa kujua lolote, bali kwa sababu tumbo lilikuwa limefungwa na wasiwasi. Na tazama, hita zikaamka, sebule ikawa na joto la kupendeza. Ottilie alivua koti, akaweka mezani keki ya tufaha na vikombe vyenye ua la bluu. Gerold alihesabu ushindi wake kimyakimya. Alihitimisha kwamba mashine zilikuwa zimejirekebisha kwa kumwogopa. Mara baada ya chakula cha mchana, wasiwasi ukiwa umemtoka, tumbo nalo likafunguka. Akaenda chooni. Akaugeuza mpini juu, kama mtoto mwema wa mama yake.

Roswitha alipofika, sebule ilikuwa imeanza kugeuka pango. Alikuwa mwanamke mpana mwenye koti la manyoya alilopewa na mume wake wa kwanza, na hakulivua. Aliketi, akapulizia kahawa, akautazama mvuke ukimtoka kinywani.

“Shemeji,” alisema, “kwangu Tuttlingen mvuke hutoka kwenye kikombe tu.”

Gerold alisema kwamba mfumo ulikuwa katika kipindi cha mpito.

“Hata ndoa yangu ya kwanza ilikuwa katika kipindi cha mpito,” alisema Roswitha. “Nilivaa koti hili hili.”

Ottilie hakucheka. Aliinuka, akaenda ukumbini, akarudi na koti lake, akalivaa na kufunga vifungo vyote hadi kidevuni, polepole, akimtazama mumewe. Kisha akaketi na kuunyanyua mkono kuelekea kikombe. Gerold aliutazama mkono ule kama mshtakiwa anavyoutazama mkono wa hakimu.

Ni kahawa iliyomwokoa, ile ya Roswitha. Baada ya kikombe cha pili shemeji aliomba radhi, akaenda kwenye choo cha wageni. Humo alikuta baridi ya kugandisha nia yoyote njema, akaubamiza mpini chini na kulifunga dirisha kabla hajafanya lingine. Sebuleni, chini ya dirisha kubwa, mota ikanguruma. Ya jikoni ikaitikia. Nyumba nzima ikajaa mafua ya paka, na maji ya moto yakaanza kupita ukutani.

Gerold alinyooka kitini. Aliomba mkewe asikilize. Alieleza, kwa utulivu wa mtu aliyejua tangu mwanzo, kwamba mafunzo mapya aliyovipa vidhibiti sasa yalikuwa yanazaa matunda. Ottilie alifungua kifungo kimoja. Roswitha alirudi, akasifu hali ya hewa ya sebuleni, na kwa furaha Gerold akanywa vikombe viwili mfululizo. Na kwa sababu ya vikombe hivyo yeye pia akaenda chooni. Akalikuta dirisha limefungwa. Akasikitikia malezi ya shemeji yake, akaliinamisha.

Alikuwa bado ukumbini, kando ya sanduku, aliposikia mota zote zikinguruma tena na kunyamaza.

“Gerold,” aliita Ottilie kutoka sebuleni. “Umefanya nini huko?”

“Nimefanya kinachofanywa huko.”

“Baada ya hapo.”

“Nimenawa mikono. Nimeinamisha dirisha.”

Kisha Ottilie akamwomba, kwa adabu iliyomtisha, arudi kulifunga. Alirudi, akalifunga. Mota zikanguruma. Akaambiwa aliinamishe, zikanguruma, zikanyamaza. Akaambiwa afunge. Ottilie alimrudisha mara nyingi kuliko sayansi ilivyohitaji, na Roswitha, akiwa amekaa na sahani ya keki mapajani, alisema hajaona ndege wa saa ya ukutani, yule anayechomoza na kurudi ndani kila saa, aliyefunzwa vizuri namna hiyo.

Hatimaye Gerold alisimama mlangoni, uso mwekundu.

“Mashine ina kosa,” alisema. “Inaniambia dirisha limefunguliwa. Halikufunguliwa. Limeinamishwa.”

Ottilie alimgeukia dada yake kutafuta shahidi. Lakini Roswitha aliweka uma chini na kutafakari kwa haki.

“Hilo kweli, dada,” alisema. “Kuinamisha si kufungua.”

Hata Ottilie hakuweza kulikana, maana naye alizaliwa kule kule. Kwa muda, wote watatu waliungana katika kumshangaa mtu aliyeitengeneza mashine ile, ambaye, kwa mujibu wa boksi, alikuwa mwenzao wa bonde la jirani. Gerold aliona mwanga wa wokovu. Akaanza kueleza jinsi ambavyo angemwandikia mtengenezaji.

“Funga dirisha lile lisiinamishwe tena hadi Pasaka,” alisema Ottilie, “au mimi nachukua sanduku. Chagua, baba.”

Mume mwenye busara hujibu swali kama hilo kabla halijamalizika. Gerold alilipima. Upande mmoja palikuwa na mke, keki ya tufaha na nyumba yenye sauti. Upande wa pili palikuwa na mama yake, marehemu, pamoja na maoni yake yote kuhusu vyoo. Alikuwa mkaguzi wa mizani. Hakuzoea kuharakisha sindano. Ottilie akasimama na kuanza kukifunga tena kile kifungo alichokuwa amekifungua.

“Ngoja,” alisema Gerold. “Usiende. Nyumba hii bila wewe nilishaiona.”

Akaenda kutafuta bisibisi. Walimsikia akikwangua na kunong’ona mle chooni, pengine akimwomba radhi mama yake, kisha akarudi na vile vipande viwili vya plastiki kiganjani. Choo kitapumua, alisema; lakini hakitasema chochote tena kwa hita za nyumba hii, na hita ya humo ataifunga kwa mkono, aketi humo na baridi yake. Ottilie aliyatazama masharti hayo pande zote, akavua koti. Kahawa ilikuwa imepoa. Aliinywa hivyo hivyo, akiwa na blauzi.

Kabla ya Roswitha kuondoka, peke yake, Ottilie alivichukua vile vipande kutoka mezani. Alilibeba sanduku hadi ghorofani, Gerold akimfuata, akamwamuru avibandike humo: kimoja kwenye mwili wa sanduku, kingine kwenye kifuniko. Kitambuzi kilibaki kimeunganishwa na nyumba nzima, kama alivyokuwa amependa mwenyewe. Sanduku likarudishwa uvunguni.

“Siku nyingine nyumba ikipoa ghafla,” alisema, “huna haja ya kumsumbua yule binti wa simu. Utakuwa unajua.”

Majira ya baridi yaliyobaki yalipita kwa joto na amani. Ni mwezi wa Februari tu, Gerold akiwa chooni na gazeti lake chini ya mwanya wa vidole vinne, mota za ukumbini na sebuleni zilipoanza kunguruma, kisha zikanyamaza. Gazeti likaanguka. Alipanda ngazi akiishikilia suruali kwa mkono mmoja, akipitia kichwani kila alichokosea tangu Jumapili: dengu alizozisifia za mama yake, siku ya kuzaliwa ya Roswitha, kitu alichosema kuhusu kofia.

Ottilie alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, mkono umezama ndani ya sanduku hadi kiwiko, akilitafuta vazi lake la kuogelea kwa ajili ya bwawa la maji moto. Kifuniko alikuwa amekiinua kidogo tu. Alimtazama mumewe, kisha suruali yake, kisha uso wake tena.

“Sijalifungua, mume wangu,” alisema. “Nimeliinamisha tu.”